Kisanduku cha dhahabu cha Kifaransa kwa ajili ya mahari: rangi nne zinatoka wapi, na bei nitoze namna gani?

MtotoWaKadutu (Bukavu)

Jambo wakubwa wote. Niko na atelie ndogo Kadutu, si mbali na soko. Kazi yangu mnaijua: pete za ndoa, hereni, mikufu iliyokatika, misalaba ya komunyo. Safari hii nimeletewa kitu ambacho mikono yangu haijakizoea.

Mteja ni mwana wa hapa hapa Bukavu, sasa anaishi Bruxelles. Anakuja kutoa mahari Walungu. Baba mkwe ni Mushi, yaani mtu wa kabila la Bashi, mzee wa zamani wa fimbo na kofia. Pombe hanywi, sigara havuti, lakini tumbaku ya pua haimtoki mkononi, na anaiweka kwenye kikopo kilichokuwa cha dawa ya kikohozi. Basi mkwe ameamua kwamba ng'ombe watakwenda kama desturi inavyotaka, na juu yao atatoa kisanduku cha dhahabu cha kuwekea tumbaku, mfano wa vile alivyoviona Paris, kwenye jumba la makumbusho la Louvre. Picha amenitumia kwa simu. Ni kisanduku cha kutosha kiganjani, kina umbo la yai, na juu ya kifuniko kuna shada la maua: majani ya kijani, waridi jekundu, utepe mweupe, na chini yake dhahabu ya njano. Nimeikuza ile picha mpaka ikavunjika na bado sioni mahali bawaba ilipo.

Dhahabu ameleta mwenyewe, gramu 60 za unga wa Kamituga, kwenye machimbo. Nimeuyeyusha kwa boraksi nikausafisha, zimebaki gramu 56 safi. Anataka karati 18.

Naomba kujua, zile rangi ni za kupaka au ni nini? Kifuniko kinafungaje bila kuonyesha mwanya? Na jambo linalonisumbua zaidi ni bei. Anasema atanilipa kwa gramu, kama ninavyolipwa kwa pete. Nikipiga hesabu hiyo, nitafanya kazi mwezi mzima kwa franga za pete chache. Lakini nikitaja bei nyingine naogopa atakwenda Kigali.

Negosia_Nguba

Mwambie ampe mzee pesa mkononi, tumbaku ikae kwenye kikopo chake. Nasema kwa heshima. Mimi nanunua dhahabu. Siku ile familia itakapobanwa, kisanduku kitaletwa mezani kwangu au kwa mwenzangu, kitawekwa kwenye mizani, kitachunwa kidogo kwenye jiwe la kupimia dhahabu, kitapata bei ya gramu zake. Maua yako yote yataingia kwenye moto. Sisi hatununui maua.

FundiWaNyawera

Negosia, kuhusu moto hujasema uongo. Nitakurudia. Kwanza huyu kijana.

Mwanangu, kile hakikupakwa rangi. Yote unayoyaona pale ni dhahabu. Mafundi wa Paris wa karne ya 18 walikuwa wanachanganya dhahabu na metali tofauti ili kila kipande kitoke na rangi yake. Kwa karati 18 chukua sehemu 750 za dhahabu safi, ongeza 250 za fedha tupu bila shaba hata chembe, itatoka kijani hafifu, ndiyo majani yako. Weka shaba tupu 250, ndilo waridi jekundu. Gawa fedha na shaba nusu kwa nusu, ndiyo njano ya pete unayoifua kila siku. Ile ya nne, ya utepe wako, inayoelekea kijivu, waliipata kwa chuma, na hiyo nakushauri uiache. Chuma hakipendi kuyeyuka pamoja na dhahabu kwenye moto wetu wa makaa na pampu. Utapoteza dhahabu ya watu.

Angalia jambo moja kabla hujaanza. Ile nyekundu ukimaliza kuipasha moto, itumbukize majini ingali nyekundu kidogo. Ukiiacha ipoe polepole kama njano, itakuwa ngumu na itapasuka chini ya nyundo, halafu utasema shaba ilikuwa chafu. Ya kijani ni laini, haina ugomvi, ila inakwaruzika upesi, kwa hiyo usiitie mahali vidole vinaposhika.

Maua yenyewe hayakuchongwa kwenye ukuta wa kisanduku. Kila jani na kila petali ilitengenezwa peke yake kwa dhahabu ya rangi yake, ikalehemiwa mahali pake, na baada ya hapo ndipo mtu wa patasi akapita juu yake kuchonga mishipa ya majani na mikunjo ya utepe. Sehemu ya nyuma wakaigonga vitundu vidogo vidogo isiwe na mng'ao, ili maua yaonekane yamesimama. Lehemu unayoanza nayo iwe ngumu, ya pili laini kuliko hiyo, ya tatu laini zaidi. Ukitumia lehemu moja kwa yote, unapolehemu jani la mwisho lile la kwanza linaogelea.

Sasa hesabu yako. Gramu 56 safi zikigawanywa kwa 0.75 zinatoa kama gramu 74 za karati 18. Kisanduku cha sentimita 5 kwa 4, kimo 2, chenye ukuta wa nusu milimita, kinakula karibu gramu 60. Zinazobaki ni za ukingo wa ndani, bawaba na maua, na vumbi la tupa utalirudisha kwenye chungu. Ukitaka kikubwa kuliko hapo, mwambie aongeze dhahabu. Wafaransa wenyewe walikuwa na mpaka: tangu 1721 sheria ilikataza kitu cha dhahabu cha namna hiyo kuzidi aunsi 7, na aunsi yao ya Paris ilikuwa gramu 30 na nusu hivi, yaani jumla kama gramu 214. Sheria hiyo hiyo iliruhusu vitu vidogo vifanywe kwa karati 20 na robo badala ya 22. Mfalme hakutaka dhahabu yote ya nchi iishie mifukoni mwa watu wa kupiga chafya.

Haya, bei. Hapa nisikilize vizuri.

Unafikiri yule aliyeuza kile kisanduku cha picha yako alikitengeneza mwenyewe? Hapana. Paris ya wakati ule mabwana wa ufundi wa dhahabu na fedha waliwekewa idadi, 300, hawazidi. Kijana alijifunza miaka minane, halafu akatumika miaka mitatu kwa fundi mwingine, halafu akatoa kazi ya kumpima ndipo akapewa chapa yake. Wengi walikaa kwenye kile kisiwa cha katikati ya mto Seine, Place Dauphine na Quai des Orfèvres. Lakini hata mwenye chapa hakufanya yote. Yeye alijenga mwili wa kisanduku na kukifunga. Nakshi zilikwenda kwa mtu wa patasi. Mistari ya mawimbi inayoonekana kwenye vingine chini ya emaili (kioo cha rangi kinachoyeyushwa juu ya dhahabu) ilichorwa na mtu mwenye mashine yake maalumu ya kuzungusha. Emaili ilichomwa na mtu wa tanuri. Picha ndogo ikihitajika, akaitwa mchoraji. Van Blarenberghe alichora picha ndogo za kuingia kwenye visanduku, na kimoja kilichofanywa na fundi Louis Roucel, mwaka 1770 au 1771, kinaonyesha vyumba vya nyumba ya waziri Choiseul, pamoja na picha zilizotundikwa ukutani, na watu wenye macho mazuri wanazitambua moja moja. Picha ndani ya picha, kwenye kitu unachokifunika kwa kiganja!

Na mwuzaji alikuwa mtu mwingine kabisa. Rue Saint-Honoré kulikuwa na wafanyabiashara ambao hawakushika nyundo. Walijua nani anataka nini, wakaagiza kwa fundi huyu mwili, kwa yule picha, wakakusanya, wakauza. Lazare Duvaux alikuwa mmoja wao, Madame de Pompadour, kipenzi cha mfalme Louis XV, alikuwa mteja wake. Duka la Petit Dunkerque liliandikisha jina lake kwenye ukingo wa visanduku, ingawa fundi alikuwa mwingine na chapa yake imejificha ndani.

Kwa hiyo katika bei ile, dhahabu ilikuwa sehemu, na mara nyingine sehemu ndogo. Mteja alilipa dhahabu kwa uzito wake, halafu akalipa kazi kwa hesabu yake. Hesabu mbili. Wewe mteja wako amekwisha kukuletea dhahabu, hesabu ya kwanza imefungwa. Gramu zimetoka mfukoni mwake na zitarudi kwake. Kwa nini basi zikupimie kazi? Pete ya gramu 4 na kisanduku cha gramu 70 havina uhusiano. Unaweza kufanya kisanduku cha gramu 30 kikakula miezi miwili, kwa sababu kadiri ukuta unavyokuwa mwembamba ndivyo kazi inavyokuwa ngumu. Ukilipwa kwa gramu, unaadhibiwa kwa kuwa fundi mzuri.

Negosia, na wewe sasa. Mfalme wa Ufaransa alikuwa anawapa mabalozi visanduku vya dhahabu vyenye sura yake na almasi pembeni. Balozi wengi hawakuwa na haja ya sura ya mfalme, walikuwa na haja ya pesa. Wakakirudisha kwa sonara, wakapewa pesa. Na sonara hakukiyeyusha! Kiliweza kununuliwa tena na nyumba ya mfalme, kikapewa balozi mwingine. Kazi ilikuwa na thamani kwa sababu kulikuwa na mtu wa pili wa kuinunua. Hapa kwetu mtu wa pili ni wewe, na wewe una mizani tu.

Negosia_Nguba

Papa Fundi, mizani ndiyo inayonilisha. Mimi nikinunua "kazi", nitamuuzia nani? Wale walioko juu yangu nao wananiuliza gramu na usafi, basi. Haijawahi kutokea mtu wa Dubai aniulize nani alichonga.

Ila la hesabu mbili nakubali. Kijana amwandikie mteja karatasi mbili.

LushiMalakiti (Lubumbashi)

Salamu kutoka Lushi. Naona mnaongea dhahabu tu, na mimi ni mtu wa mawe. Kijana, kama maua ya rangi tatu yanakuogopesha, kuna njia nyingine ambayo Wafaransa wenyewe waliitumia sana. Badala ya kifuniko kizima cha dhahabu, unatengeneza fremu, kizimba cha dhahabu, halafu ndani yake unaingiza kibao chembamba cha kitu kingine. Wao walitia jiwe la agate, gamba la chaza, lakeri ya Japani (mbao zenye vanishi ngumu inayong'aa) waliyoikata kutoka kwenye makabati ya zamani, hata vipande vya kauri ya Sèvres. Fundi Mfaransa alipata kitu cha rangi ambacho hakuweza kukifanya mwenyewe, na kikipasuka unabadilisha kibao bila kuvunja kisanduku.

Sisi hapa tuna malakiti, lile jiwe la kijani la shaba. Kibao cha milimita moja na nusu, mistari yake ya kijani kilichokolea na kijani cha maziwa, kwenye fremu ya dhahabu ya njano, mzee wa Walungu atakuwa na kitu ambacho hata Louvre wangekiangalia. Utaokoa dhahabu pia, maana fremu inakula kidogo kuliko kifuniko kizima.

Lakini sikia mambo ya jiwe hili. Ni laini, linakwaruzwa hata na kisu, kwa hiyo lizamishe kidogo chini ya ukingo wa fremu, dhahabu ndiyo ipokee makofi. Halipendi moto: ukilehemu likiwa ndani litakuwa jeusi. Halipendi asidi hata kidogo: ukilitia kwenye ile asidi yenu ya kusafishia litachemka povu na kuharibika. Basi maliza kazi yote ya dhahabu, lehemu, usafishaji, mng'ao, na jiwe liingie mwisho kabisa, baridi, kwa kukunja vijino vya dhahabu kutoka ndani. Chini yake weka sahani nyembamba ya dhahabu ili tumbaku isiguse jiwe.

Na usilikate kavu. Vumbi lake ni la shaba, linaua mapafu. Maji kila wakati, na kitambaa puani. Nimewazika watu wa kazi hii.

Nikipewa vipimo naweza kukata kibao na kukutumia. Bei tutaongea pembeni.

MtotoWaKadutu (Bukavu)

Asanteni sana, Papa Fundi na wewe mkubwa wangu, yaya wa Lushi. Hilo la malakiti limenipendeza. Nimempigia mteja, amesema "sawa, lakini maua yabaki hata madogo". Kwa hiyo nafikiri kibao cha malakiti juu, na kuzunguka fremu majani ya kijani na maua mekundu, rangi mbili tu juu ya njano.

Karatasi mbili nimeziandika. Sijazituma bado, naogopa.

Papa, hukunijibu habari ya bawaba na mwanya.

MwalimuIbanda

Mimi si fundi, nafundisha historia. Nimefuata mazungumzo kwa furaha lakini kuna kitu hamjakigusa, nacho kinanikera kidogo.

Dhahabu ile ya Paris ilitoka wapi? Ufaransa haikuwa na Kamituga. Katika karne ya 18 dhahabu nyingi iliyoingia Ulaya ilichimbwa Brazili, Minas Gerais, na waliokuwa wanasimama mtoni na karai walikuwa Waafrika waliouzwa. Ikapita Lisbon, ikatawanyika. Na tumbaku ya kuwekwa ndani? Sehemu kubwa ya iliyotumika Ufaransa ilitoka Virginia, mashamba ya watumwa tena. Kwa hiyo bwana mmoja wa Versailles, kwenye jumba la mfalme, akifungua kisanduku, dhahabu na tumbaku vyote viwili vimepita mikononi mwa watu wetu, na chapa ya mtu wa mtoni haipo popote. Chapa zipo za fundi, za chama, za mtoza kodi.

Marie-Antoinette, malkia wa baadaye wa Ufaransa, alipoolewa mwaka 1770, kati ya zawadi za harusi za kugawa kulikuwa na visanduku vya dhahabu 52. Papa Fundi anaona kazi ya patasi. Mimi naona karai.

Sisemi kijana akatae kazi. Mzee apewe tumbaku yake. Nasema tu mkwe asije akasimama mbele ya ukoo akatamba kwamba hii ni heshima ya wafalme. Heshima ya wafalme gani?

Na swali kwa Papa: wanawake walikuwepo katika kazi hiyo, au ndiyo ile ya siku zote?

FundiWaNyawera

Mwalimu, la karai nalipokea bila kubishana. Kijana, hii dhahabu yako angalau unajua imetoka Kamituga, na pengine mteja anamjua hata aliyeichimba. Waandike wote kama unataka, nafasi ndani ya kifuniko ipo.

Wanawake: mjane wa fundi aliruhusiwa kuendelea na atelie ya mumewe, na wengine waliendesha vizuri. Wengine walifanya kazi za kung'arisha na kuchora bila jina lao kuandikwa mahali popote. Hapo nadhani unajua jibu kuliko mimi.

Umetaja chapa, nami nazipenda, basi nieleze kidogo. Kisanduku cha Paris cha kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa kina chapa nne. Moja ya fundi, herufi za jina lake chini ya ua la yungiyungi lenye taji, pamoja na alama ndogo anayoichagua. Ya pili ni ya chama, herufi ya alfabeti inayobadilika kila mwaka, na hiyo ndiyo inayotuwezesha leo kujua mwaka. Ya tatu ilipigwa na mtoza kodi kazi ingali mbichi, kusema "hii nimeiona, usinikimbie". Ya nne, ndogo sana, alipiga kazi ilipokwisha na kodi kulipwa. Mapinduzi yalipovunja vyama vya mafundi mwaka 1791 mpango huo ukaanguka, na baadaye wakaweka chapa za serikali. Kichwa cha tai mnachokiona kwenye pete za Ufaransa za karati 18 kilianza 1838.

Kwa nini nasema haya? Kwa sababu Geneva, na Hanau kule Ujerumani, mafundi walifanya visanduku vya mtindo wa Paris na wakavipigia chapa zinazofanana na za Paris. Kazi yao ilikuwa nzuri! Lakini jina la Paris lilikuwa linauza. Wewe usifanye hivyo. Piga chapa yako, hata kama ni herufi mbili ulizozichonga kwenye msumari wa chuma, na pembeni piga 750. Mteja akikuomba uandike "Paris", kataa.

Bawaba sasa. Ile huioni kwa sababu imezama. Sikiliza.

Usitengeneze kisanduku na kifuniko mbalimbali ukategemea vitakubaliana. Mimi naunda boksi lililofungwa pande zote, na tundu dogo la kutolea hewa ili lisipasuke motoni, kisha nalikata kwa msumeno mwembamba kuzunguka pale kifuniko kinapotakiwa kuanzia. Vipande viwili vilivyokuwa kimoja haviwezi kukataana. Halafu ndani ya sehemu ya chini unalehemu ukingo mwembamba unaopanda kidogo kuingia kwenye kifuniko. Huo ukingo upigwe tupa uelekee ndani kwa juu, nywele moja tu, ili kifuniko kiteleze kikishuka na kikabe kikifika. Tumbaku ya unga ikipata hewa inakufa harufu, kwa hiyo kifuniko cha Kifaransa kilikuwa kinafanya kazi, si uzuri tu.

Kwa bawaba, vuta mrija wa dhahabu kwenye filieri (kile kibao cha chuma chenye matundu ya kuvutia waya), uwe mwembamba, kama milimita mbili. Nyuma ya kisanduku, nusu kwenye kifuniko na nusu kwenye ukuta, chimba mfereji kwa tupa ya mviringo mpaka mrija ulale ndani yake bila kuchomoza. Kata mrija vipande, idadi yake isiwe ya kugawanyika kwa mbili: vitano au saba. Cha kwanza, cha tatu, cha tano, na cha saba kama kipo, vinakwenda chini, vingine kwenye kifuniko. Vipange vyote kwenye waya wa chuma uliopakwa masizi ili lehemu isiushike, vidonyoe kwa lehemu kidogo kabisa, tenganisha, kisha malizia kila upande peke yake. Lehemu ikiingia kati ya vipande viwili umeanza upya. Pini ya mwisho iwe ya dhahabu, iingie kwa kubana, ncha zake uzikate sawa na ukuta na kuzing'arisha. Ukishafanya hivyo, mistari ya nakshi ikipita juu ya bawaba jicho haliioni tena.

Kupima kama kinafunga, tia ndani unga wa muhogo uliochekechwa vizuri, funga, tikisa juu ya kitambaa cheusi. Unga ukitoka, rudi kwenye tupa. Usimpe mzee kisanduku kinachomwaga tumbaku kwenye suruali.

Na zile karatasi mbili, zitume leo. Ya kwanza: dhahabu iliyopokelewa, gramu 60 za unga, 56 baada ya kusafisha, kitakachorudi kwa uzito gani na karati ngapi, na vumbi ni la nani (lake, usiibe vumbi). Ya pili: kazi, bei moja, nusu kabla ya kuanza. Malakiti ya Lushi mstari wake peke yake. Usiandike neno gramu kwenye karatasi ya pili.

Negosia_Nguba

Vumbi ni la mteja? Papa, hapo umeharibu desturi za Kadutu nzima.

FundiWaNyawera

Niliziharibu zamani, ndiyo maana sina gari.

MtotoWaKadutu (Bukavu)

Amejibu. Kwanza alinyamaza, nikadhani amekwenda Kigali. Halafu akaandika kwamba karatasi ya dhahabu ni sawa, na ya kazi amepunguza kidogo, si sana, nami nimekubali. Nusu ameituma asubuhi hii. Ameuliza kama chapa yangu itaonekana. Nimemwambia iko ndani ya ukingo, karibu na bawaba. Akasema niitie mahali ambapo mzee ataiona kila akifungua, maana huyo mzee akipenda kitu lazima aulize kimefanywa na nani, na shangazi wote watauliza baada yake.

Yaya wa Lushi, vipimo vya kibao ni milimita 44 kwa 34, pembe za mviringo. Nakuandikia pembeni.

Papa Fundi, filieri yangu haiteremki mpaka milimita mbili. Naweza kuja Nyawera Jumamosi nivutie mrija kwako?

FundiWaNyawera

Njoo baada ya saa nne, kabla ya hapo niko na watu wa pete. Njoo na msumeno wako. Wangu nimemwazima mtu na mpaka leo anasema kesho.